Acheni Shingo ya Zeze Ikae Tupu

Kuna rai iliyokwisha kuwa kama sheria miongoni mwa wapiga besi, walimu wa muziki na mafundi wa vyombo: chombo kisicho na freti sharti kichorwe mistari. Ukitafuta gitaa la besi lisilo na freti, utashauriwa uchukue lile lenye mistari pale ambapo freti zingekuwa. Ukimfundisha mtoto fidla, utaambiwa ubandike utepe shingoni. Na ukizungumzia kulifundisha zeze, fidla ya kibuyu ya Wagogo, darasani hapa Dodoma, hakosekani mtu wa kusema tuweke alama kwa kalamu, watoto wajue pa kuweka vidole. Anayekataa anaitwa mwenye majivuno, au mzee asiyetaka wengine wajue anachokijua yeye.

Mimi nakataa. Sikatai kwa sababu mistari ni ya kisasa, wala kwa sababu wazee hawakuichora. Nakataa kwa sababu rai hiyo imekosea kuhusu jinsi uzi unavyotoa sauti, imekosea kuhusu jinsi mtu anavyojifunza, na kwa upande wa muziki wa Kigogo imekosea hata kuhusu mahali noti zilipo. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na nitalifikia.

Tuanze na freti yenyewe, maana watu wengi wanaichanganya na mstari. Freti ni kipande cha waya kilichopigiliwa kwenye ubao wa vidole. Ukibonyeza uzi nyuma yake, uzi unakatika pale kwenye chuma, na sauti inatoka pale chuma kilipo, si pale kidole kilipo. Kidole kikisogea mbele kidogo au nyuma kidogo, noti ni ile ile. Ndiyo maana Leo Fender alipolitoa gitaa lake la besi mwaka 1951 aliliita Precision: mpigaji aliyehangaika kutafuta noti kwenye besi kubwa ya kusimama sasa angeletewa noti na chuma. Ahadi ile ilikuwa ya kweli. Freti inafanya kazi yake, na sina ugomvi nayo. Lipo hata zeze la aina nyingine, lile la fimbo bapa, ambalo mchongaji ameliachia vipandio vichache vilivyosimama juu ya fimbo yenyewe. Kidole kikibonyeza uzi juu ya kipandio, noti haibadiliki. Huo ni ufundi wa siku nyingi, na freti za kizungu hazikuufundisha.

Mstari ni kitu kingine kabisa. Mstari haukati uzi. Uzi haujui kama mstari upo. Ukiweka kidole milimita 5 nyuma ya mstari, unapata noti ya milimita 5 nyuma ya mstari, na mstari unakutazama tu. Wanaoutetea wanazungumza kana kwamba ni freti iliyopunguzwa makali, nusu ya msaada badala ya msaada mzima. Lakini nusu ya freti haipo. Ukiitoa freti, kazi yake yote inahamia kwenye kidole na sikio, na kinachobaki ubaoni ni picha ya mahali kazi ilipokuwa ikifanyika.

Na mara nyingi picha hiyo haikuwekwa kwa kufikiri. Mwaka 1961 Bill Wyman, kabla hajajiunga na Rolling Stones, aling'oa freti za besi yake, na sauti aliyoipata akaipenda. Kampuni ya Ampeg ikaanza kuuza besi isiyo na freti mwaka 1966, Fender nao wakafuata mwaka 1970. Kisha akaja mpiga besi wa Marekani, Jaco Pastorius, na Fender Jazz Bass yake ya mwaka 1962. Freti zilitolewa, mifereji ikajazwa, ubao ukapakwa epoksi ya kuzibia boti, na albamu yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1976 wapiga besi wa dunia nzima wakatafuta koleo.

Anayeifanya kazi hiyo kwa mkono anajua inavyokwenda. Unapitisha pasi ya kulehemu juu ya freti mpaka chuma kipate joto, unaingiza ncha ya koleo pembeni, unainyanyua taratibu ili ubao usichanike. Inapotoka unabaki mfereji mwembamba. Sasa unaujaza. Ukijaza kwa kijiti cha mbao nyeupe, unapata mstari unaong'aa kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Ukichukua vumbi la mpingo kutoka kwa mchongaji, ukalichanganya na gundi, ukalishindilia na kupiga msasa, mfereji unazama ndani ya rangi ya ubao mpaka uutafute kwa ukucha. Mpingo ni huu huu wetu unaosafirishwa kwenda Ulaya kutengenezwa klarineti na obo, na ni wa jamii moja na miti inayotumika kutengeneza ubao wa vidole wa magitaa mengi. Kwa hiyo swali la mistari, linalobishaniwa kana kwamba ni imani, kwenye meza ya fundi ni swali la kilichokuwa karibu siku ile. Mistari mingi ni makovu ya freti. Baadaye watu wakaanza kuyatafutia falsafa.

Haya, tuseme mistari imepimwa vizuri. Je, inaonyesha noti ilipo?

Besi ya kawaida ina uzi wa sentimita 86 na ushee kutoka kichwani hadi kwenye daraja. Karibu na kichwa, nusu toni moja inachukua karibu sentimita 5. Ukifika katikati ya uzi, nusu toni hiyo hiyo imebanwa kwenye sentimita 2 na nusu. Nyama ya ncha ya kidole cha mtu mzima peke yake ina upana wa sentimita moja na zaidi. Unapoambiwa uweke kidole juu ya mstari, uliza: sehemu gani ya kidole? Aliyezoea gitaa lenye freti ataweka nyuma kidogo, kama alivyozoea, na sauti yake itakuwa chini. Atakayeweka katikati ya kidole atakuwa juu au chini kutegemea unene wa kidole na anavyokilaza. Halafu kuna jicho. Mpigaji hautazami ubao kutoka mbele kama mtazamaji. Anautazama kutoka juu, kwa pembeni, na uzi umeinuka juu ya ubao. Akiinamisha kichwa zaidi, mstari unahama chini ya uzi ingawa haujahama popote. Na nyuzi nne zina unene wa aina nne. Uzi ukibonyezwa unavutika na kupanda kidogo, na kupanda huko si sawa kwa uzi mnene na uzi mwembamba. Kwenye gitaa la freti fundi analirekebisha hilo kwa kusogeza vipande vya daraja, na mstari ulionyooka kukatiza nyuzi zote nne ni mapatano ambayo chuma kinayabeba. Bila chuma, mapatano hayo hayana wa kuyabeba.

Wakereketwa wa mistari hujibu kwamba haya ni mambo madogo, sikio litarekebisha. Kumbe! Sikio litarekebisha. Basi kama sikio ndilo litakalosema neno la mwisho, mstari ulikuwa na kazi gani?

Sasa twende Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, ambako hoja yangu inaacha kuwa ya milimita za kubishania na inakuwa ya muziki wenyewe.

Watafiti kama Gerhard Kubik wa Austria na Polo Vallejo wa Hispania wameeleza kwa kirefu kwamba mfumo wa sauti wa Wagogo umejengwa juu ya sauti zinazozaliwa ndani ya uzi wenyewe. Uzi ukitetema mzima unatoa sauti moja, lakini ndani yake mna sauti za nusu yake, theluthi yake, robo yake, sehemu yake ya tano, ya sita, ya saba, na kuendelea; tuziite ngazi. Muziki wa Kigogo unatumia ngazi hizo kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Ile ya saba ndiyo inayomfanya mgeni ainue kichwa. Kwenye kinanda haipo. Noti ya kinanda iliyo karibu nayo iko juu yake kwa karibu theluthi ya nusu toni, na masikio yaliyolelewa na kinanda yanaposikia ngazi ya saba yanasema Mgogo ametoka kwenye tuni. Hajatoka. Yuko mahali ambapo uzi ulimwambia akae.

Chukua uzi wa sentimita 50, na tuseme ukiwa mtupu unatoa ngazi ya sita. Ili upate ngazi ya saba, kidole kinatakiwa kikae sentimita 7.1 kutoka mwanzo wa uzi. Sasa chora mistari ya kinanda, ile ya noti 12 zilizogawanywa sawasawa, kama inavyochorwa kwenye besi na kama mwalimu mwenye tyuna ya simu atakavyoichora. Mstari ulio karibu zaidi utaangukia karibu sentimita 8. Tofauti ni milimita 8. Milimita 8 kwenye shingo ya zeze ni zaidi ya nusu ya kidole. Mtoto atakayetii mstari huo atapiga noti isiyo ya Kigogo, kila mara, kwa uhakika, na mwalimu atampa vema.

Endelea na uzi huo huo. Ngazi ya nane inakaa sentimita 12.5, na mstari nao unaangukia hapo hapo, tofauti yake haifiki nusu milimita. Ngazi ya tisa, vivyo hivyo, hakuna tofauti ya kuhesabu. Ngazi ya kumi inakaa sentimita 20 kamili, na mstari umepita kwa karibu milimita 3. Tazama mpangilio huo vizuri. Ngazi ya nane na ya tisa ni zile ambazo sikio la mtu yeyote, hata asiyewahi kushika chombo, huzipata upesi zinapopigwa pamoja na uzi mtupu, kwa sababu zinapatana nao waziwazi. Hapo mstari unasema kweli. Ngazi ya saba na ya kumi ndizo ngumu, ndizo zinazohitaji mwalimu, ndizo zinazoufanya wimbo uwe wa Ugogo na si wa mahali pengine. Hapo mstari unadanganya. Kwa maneno mengine, alama zinatoa msaada pale usipohitajika na zinapotosha pale ulipohitajika. Sijaona mtetezi wa mistari aliyelijibu hili.

Kuna anayesema: basi tuchore mistari ya Kigogo, sentimita 7.1, 12.5, na kuendelea. Fikra hiyo ina heshima kuliko ya kwanza, lakini haifiki mbali. Vibuyu havilingani, shingo hazilingani, na mtengenezaji hafanyi kazi kwa kipimo cha kiwandani. Uzi wenyewe hubadilishwa kwa kinachopatikana, na vigingi hukazwa kufuata koo la mwimbaji wa siku hiyo, sio kufuata namba. Utahitaji kuchora upya kila zeze, na ili ujue pa kuchora itakubidi kwanza usikie noti. Ukishaisikia, kalamu ya nini?

Hapo ndipo wanapoleta ilimba. Wanasema Wagogo wenyewe wana chombo chenye noti zilizokwisha kupangwa, kila ulimi wa chuma na sauti yake, kwa hiyo hawana tatizo na sauti zilizofungwa. Ni kweli ilimba ina noti zilizopangwa. Lakini mtazame anayeipanga. Anausukuma ulimi wa chuma ndani kidogo, unapanda. Anauvuta nje, unashuka. Anaugusa pamoja na jirani yake, anasikiliza, anausogeza tena. Chuma kinafuata sikio. Mstari wa kalamu unataka sikio lifuate wino.

Nitaje na jina ambalo kila mtu analitaja, ila mara nyingi kwa kujipamba nalo tu. Hukwe Zawose alizaliwa Doduma mwaka 1938 na kufariki Desemba 2003. Alitoka na zeze na ilimba za kwao, akafanya kazi na kufundisha Bagamoyo, akarekodi na kampuni ya Real World albamu ya Chibite mwaka 1996, na mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Huyu hakuwa mtunza makumbusho. Alitengeneza mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi kuliko yale ya kawaida. Na katika familia yake, Pendo na Leah Zawose, waliotoa albamu ya Maisha mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens, wamesimama mbele na vyombo ambavyo zamani vilihesabiwa kuwa vya wanaume. Nayataja haya kwa sababu anayekataa mistari huambiwa anapinga mabadiliko. Mabadiliko hayo yote nayashangilia. Kuongeza nyuzi kumeongeza sauti, na kuingia kwa wanawake kumeongeza watu. Mistari ya kinanda kwenye shingo ya zeze inaondoa ngazi ya saba. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu mwenye akili timamu anaweza kulipokea moja na kulikataa jingine bila kuwa adui wa maendeleo.

Ipo hoja yao nyingine, ya kinanda, nayo ni nzito zaidi. Wapiga besi wengi wa Dodoma hawapigi ngoma za Kigogo kama nindo au muheme. Wanapiga kwenye kwaya, nyuma ya kinanda cha umeme, na kinanda hakimsubiri mtu. Noti zake zimefungwa. Wanasema: sisi tunapaswa kulingana nacho, na mistari inaonyesha noti zake hasa, kwa hiyo hesabu zako za ngazi ya saba zipeleke kijijini Nzali, hapa kanisani tuachie mistari yetu.

Nakubali nusu ya kwanza. Anayepiga na kinanda alingane na kinanda. Lakini ulinganifu huo unapatikana wapi? Kinanda kipo pale pale, kinalia, noti yake iko hewani. Mpiga besi mwenye sikio ana kipimo kikubwa kuliko mstari wowote, kinachojirudia kila mpigo. Akiwa ameinama kuangalia mistari, kipimo hicho kinampita. Na besi ndiyo sauti ambayo wanakwaya wanaitegemea wasiteleze. Ikitoka kidogo tu, ukumbi mzima unahisi kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Mpiga besi wa namna hiyo utamjua kwa shingo iliyopinda na macho yaliyoganda mkononi. Hamwoni mwalimu wa kwaya anapoinua mkono kumaliza, na noti yake ya mwisho inabaki hewani peke yake. Tena kama kweli anataka noti za kinanda bila shida yoyote, dawa ipo tangu 1951: apige besi yenye freti. Kuondoa freti kisha kuzichora tena ni kutaka sauti ya uhuru bila gharama yake.

Kisha huniletea Jaco. "Mbona yake ilikuwa na mistari?" Ndiyo, ilikuwa nayo, na nimeeleza ilitokana na nini. Kabla ya hapo alikuwa amepiga besi ya freti, na sikio alilokuwa nalo halikutoka kwenye mifereji iliyozibwa. Anayesema Jaco aliweza kwa sababu ya mistari anatakiwa aeleze kwa nini maelfu walionunua besi zenye mistari kama ile hawakuwa yeye. Kwa nini, tukitafuta mfano, hatuanzi na Bakithi Kumalo wa Soweto? Mwaka 1986 besi yake isiyo na freti ndiyo iliyobeba albamu ya Graceland ya Paul Simon. Sikiliza anavyoteleza kuingia kwenye noti, anavyochelewa kidogo na kuikuta. Ule mtelezo ndio sababu ya kuzitoa freti, na hakuna mstari unaoweza kuonyesha mtelezo, kwa sababu mtelezo hauna kituo.

Wasomi zaidi huleta udi. Wanasema hata Waarabu waligawanya shingo ya udi kwa vituo. Yamo katika maandishi ya al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, na kimoja cha vituo hivyo kina jina la Zalzal, mpiga udi mashuhuri wa Baghdad wa karne ya nane. Ni kweli, na ni ushahidi mzuri, ila unasimama upande wangu. Kituo cha Zalzal ni cha noti iliyo katikati ya mbili ambazo kinanda kinazijua.  Na leo udi hauna freti wala mistari. Nenda Unguja, kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2002, au kwa mabingwa wa taarabu wa Ikhwani Safaa, kikundi cha tangu mwaka 1905: udi na fidla vinapigwa kwa ubao mtupu, kwa sababu robo toni za mifumo ya sauti ya Kiarabu, kama rasti na bayati, hazina mstari wa kuzipokea. Kilichozimeza robo toni hizo katika taarabu nyingi za siku hizi ni kinanda. Utangulizi wa kitakachotokea Ugogo uko pale, kwa anayetaka kusikia.

Imebaki hoja ya darasa, na hii ndiyo naiheshimu, kwa sababu wanaoitoa si wabishi wa vijiweni. Ni walimu wenye watoto wengi na vyombo vichache. Wanasema: mtu mmoja na mwanawe jioni chini ya mti wanaweza kufundishana kwa sikio, mimi nina darasa zima na kipindi kifupi, nipe mistari nifike mahali. Mistari ni ya kuanzia tu, nitaifuta baadaye.

Hiyo "baadaye" naifahamu. Kalamu haifutwi. Na hata ikifutwa, kilichofundishwa hakifutiki kirahisi, maana mtoto amejifunza kwamba jibu liko kwenye ubao, na masikio yake yamekaa muda wote huo yakisubiri macho yamalize. Wenye mistari pia hawaoni udhaifu wa mwanafunzi mapema. Anayecheza kwa kutazama ataonekana anakwenda vizuri mpaka siku atakapopewa zeze la mtu mwingine, au usiku wa ngoma wenye mwanga wa moto tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwalimu mwenye darasa kubwa ana vifaa bora, na havihitaji fedha. Kwanza, waimbe. Watoto wa Ugogo hawaji shuleni na masikio matupu. Wamekulia kwenye nyimbo zinazoimbwa kwa sauti kadhaa pamoja, na ngazi ya saba wengi wao wanayo kooni kabla ya kujua kuhesabu hadi saba. Kisichotoka mdomoni kisitafutwe kwa kidole. Pili, uzi mtupu uendelee kulia. Hapa ningependa mwalimu akae karibu asikilize kinachotokea. Zeze likiwa na nyuzi mbili, upinde upite juu ya zote mbili kwa pamoja, mmoja ukiwa mtupu na mwingine ukiguswa na kidole. Kidole kikiwa mbali na noti inayopatana, sauti mbili zinagombana, na ugomvi huo unasikika kama mtetemo wa haraka, wau-wau-wau, unaohisiwa hata na mkono ulioshika shingo. Kidole kikisogea kuelekea mahali pake, mtetemo unapungua kasi, wau, wau, kisha unanyamaza, na kibuyu kinatoa sauti moja pana kana kwamba kimeongezeka ukubwa. Mtoto akiyasikia hayo mara moja, uso wake unabadilika. Hakuna anayehitaji kumwambia amepata. Mwambie arudie, macho yamefungwa, mpaka mkono ujue umbali ule.

Tatu, uzi wenyewe umekwisha kujichora. Gusa katikati yake bila kubonyeza, utapata sauti nyembamba inayong'aa. Gusa theluthi, utapata nyingine. Gusa robo, nyingine. Wapiga gitaa wanaziita hamoniki. Alama hizo zipo kwenye kila uzi wa kila chombo, urefu wowote, kibuyu chochote, na zikihama zinahama pamoja na uzi. Darasa zima linaweza kuzitafuta kwa kipindi kimoja, na zinaanzia pale pale ambapo mfumo wa Kigogo unaanzia.

Kama kuna kitu kimoja nitakachokiruhusu, ni nukta ndogo ubavuni mwa shingo ya besi, upande anaoutazama mpigaji, kuonyesha katikati ya uzi. Nukta hiyo haidai kuwa noti. Inauambia mkono uliokuwa mbali umefika mtaa gani, nyumba uitafute wenyewe. Zaidi ya hapo ni kuandikiana majibu.

Kwa hiyo, ndugu mafundi, mteja akikuletea besi uitoe freti, usijaze kwa kilicho karibu. Tafuta vumbi la mpingo, na umweleze kwa nini. Ndugu walimu, kabla hamjamkabidhi mtoto zeze, ficheni kalamu na simu yenye tyuna, na mumtafute mpigaji wa kijijini aje akae na darasa, alipwe kama mgeni yeyote anayealikwa kufundisha. Na wewe uliyekwisha kuchora, kipande cha msasa laini kinatosha. Futa leo, kabla watoto hawajarudi darasani.